Subaru Isiyolala: Kisa cha Betri Nyepesi Iliyozimika Siku ya Pili

Tarehe 3 Januari, saa nne asubuhi, Impreza WRX STI ya buluu iliingia polepole kwenye gereji yetu hapa Ngara, taa ya betri ikiwaka na kuzima kwenye dashibodi. Mwenye gari alishuka na kusema kabla hata hatujasalimiana: "Fundi, kuna kitu kinaungua." Nilipofungua boneti joto lilinipiga usoni. Ile harufu ilikuwa ya vanishi ya nyaya za shaba, na fundi wa umeme wa magari akishaivuta puani mara moja haisahau. Alteneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, ilikuwa inapikika.

"Zima, dada," nikamwambia. "Na usiiwashe tena mpaka nikwambie."

Chini ya boneti hiyo kulikuwa na betri ya lithiamu, ndogo kama kikopo cha chakula cha mtoto wa shule. Tangu mwaka jana nimeulizwa habari za betri hizi mara nyingi, na karibu kila anayeuliza huanza na uzito: inapunguza kilo ngapi? Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kilo hazikuwa tatizo hata kidogo. Swali ambalo lingeokoa alteneta na fedha za huyu dada lilikuwa jingine: gari lake linakula umeme kiasi gani likiwa limelala?

Mwenyewe ni mfamasia. Anaishi Kasarani, kazi yake iko Upper Hill. Gari ni la mwaka 2007, lililetwa kutoka Japani likiwa limeshatumika, naye akalinunua kwa mtu hapa hapa Nairobi. Siku tano za wiki liko kwenye foleni ya Thika Road, na mara chache kwa mwaka analipeleka kwenye mbio za kushindana na saa kule Kiambu. Mapenzi ya Impreza katika nchi hii hayahitaji maelezo marefu. Waliosimama kando ya barabara Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, waliwarithisha watoto wao, na yeye ni mmoja wa watoto hao.

Mwezi wa Novemba aliamua kupunguza uzito. Hoja yake ilikuwa sahihi na sitaki mtu aidharau. Injini ya Subaru, ile ambayo pistoni zake zinalala ubavu, imetangulia mbele ya ekseli ya mbele, na betri nayo iko huko huko karibu na taa. Kilo ukizitoa pale, pua ya gari inakuwa nyepesi kuingia kona. Betri yake ya zamani, ya risasi na asidi, saizi ya 55D23, niliipima kwenye mizani: kilo 15.6. Ile ya lithiamu pamoja na vichwa vyake vya kufungia nyaya: kilo 3.7. Karibu kilo 12 ziliondoka kwa spana mbili na nusu saa ya kazi. Kwa gari la kilo 1,470 hivi, hiyo ni chini ya asilimia moja, lakini sijui sehemu nyingine ya mbele ya gari hilo unayoweza kutoa kilo 12 bila kukata bati au kuacha kitu unachokihitaji. Alilipa zaidi ya shilingi 50,000. Aliyemfungia hakumuuliza lolote kuhusu gari: lina alamu gani, lina traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo), huwa linakaa siku ngapi bila kuwashwa.

Nilichokikuta chini ya boneti

Trei ilikuwa ile ile ya betri kubwa. Pengo lililobaki lilijazwa kipande cha sponji ya godoro, kisha betri ikafungwa kwa zile kamba mbili za plastiki za kubania nyaya. Moja ilikuwa imekatika. Nilipoisukuma betri kwa kidole ilisogea, na kichwa cha chanya, ambacho hakikuwa na kifuniko, kilikuwa upana wa kidole kimoja tu kutoka kwenye bati la mwili wa gari. Vichwa vyenyewe ni vya kuongezea, vinafungwa kwa skrubu ndogo juu ya betri. Cha hasi nilikizungusha kwa vidole bila spana. Pembeni yake kulikuwa na alama nyeusi ya cheche, mviringo kama punje ya dengu.

Betri ya lithiamu ina ukinzani mdogo sana ndani yake. Ndiyo sababu stata, ile mota ya kuamsha injini, huzunguka kwa nguvu inayoshangaza. Ndiyo sababu pia chanya yake ikigusa bati hutoka mamia ya ampia kwa mara moja. Gari lililofungwa betri namna hii lilikuwa limekwenda Kiambu na kurudi, kwa kasi, kwenye kona. Nilikaa kimya kidogo kabla ya kuendelea.

Kisha nikamwomba anisimulie mambo tangu mwanzo. Aliondoka Nairobi jioni ya tarehe 22 Desemba, akaenda kwao Kakamega kwa basi. Mchana wa siku hiyo, kwa kuwa alijua gari litakaa, alimwita fundi wa mtaani aipime betri. Mita ikasoma volti 12.9. Fundi akamhakikishia kwamba imejaa pomoni. Aliporudi jioni ya tarehe 2 Januari, rimoti haikuitika. Akafungua mlango kwa ufunguo: hakuna taa hata moja. Asubuhi iliyofuata askari wa geti akamtafutia jirani mwenye waya za jampa. Gari likawaka papo hapo, wakatoa waya, naye akashika Thika Road. Alipofika Muthaiga foleni ikasimama. Alikaa pale dakika arobaini injini ikiunguruma, na ndipo taa ya betri ilipoanza kucheza.

Nikamuuliza kama traka yake ilimtumia ujumbe wowote alipokuwa Kakamega. Akapekua simu. Ulikuwepo: saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba, taarifa kwamba umeme wa gari umekatika. Traka nyingi zina kabetri kao ndani, hivyo umeme mkuu ukiondoka huwa zinapata nafasi ya kupiga kelele mara ya mwisho. Yeye alidhani ni matatizo ya mtandao.

Ujumbe huo ulibadilisha uchunguzi wangu wote. Mpaka hapo nilikuwa nikifikiria siku 11 za kukaa. Kumbe betri haikudumu hata siku mbili. Ilizimika baada ya saa 32 hivi. Ikabidi nitafute mambo mawili badala ya moja: gari linakula nini usiku, na betri ililala ikiwa na nini tumboni.

Usingizi wa gari

Kupima ulaji wa gari lililolala ni kazi ya subira. Nilifunga betri ya risasi ya gereji, nikaweka mita katikati ya waya wa hasi, nikasukuma komeo la mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, ufunguo nikaupeleka mbali. Halafu nikaenda kunywa chai. Kompyuta za gari hazilali mara moja. Fundi anayesoma mita baada ya dakika mbili ataona karibu nusu ampia, atapata kiwewe, na ataanza kuchomoa fyuzi ovyo. Baada ya dakika 40 mita ilitulia kwenye miliampia 118.

Gari la umri huo, bila vifaa vya kuongezwa, linatakiwa kula miliampia 20 hadi 50. Nikaanza kutenganisha. Gari lenyewe, yaani saa, redio na kumbukumbu ya kompyuta: 28. Alamu: 22. Traka yake: 14. Jumla 64. Zilibaki miliampia 54 zisizokuwa na mwenyewe, na hakuna fyuzi niliyoichomoa iliyoziondoa.

Nilizipata kwa macho. Chini ya usukani, kwenye nyaya za swichi ya ufunguo, kulikuwa na utepe mweusi ambao si wa kiwandani. Ule wa kiwandani ni wa kitambaa na umekauka kwa miaka. Huu ulikuwa wa plastiki na bado unang'aa. Nikaufuata mpaka nyuma ya redio, na huko, kimeviringishwa kwa sponji ili kisigonge, kulikuwa na kisanduku kidogo chenye kitaa chekundu kinachopepesa. Traka ya pili. Mwenye gari wa kwanza alilinunua kwa mkopo, na mkopeshaji alifunga chombo chake. Mkopo ulilipwa, gari likauzwa, chombo kikasahaulika. Laini yake ya simu ilishafungwa zamani, na kwa sababu hiyo hakikuwahi kulala. Usiku na mchana kilikuwa kinatafuta mtandao ambao hautakipokea tena.

Nasisitiza hapa kwa sababu Nairobi hii imejaa magari ya namna hiyo. Gari likipita mikono mitatu, kila mkono una traka yake, alamu yake, na waya wake wa siri wa kukata mafuta. Nikipewa gari la mtumba la mtu kulipima, huwa sishangai tena nikikuta mgeni nyuma ya redio.

Miliampia 118 kwa saa 24 ni ampia-saa 2.8, yaani kiasi cha umeme kinachotoka kwenye akiba ya betri. Betri iliandikwa 60 kwa herufi kubwa za kijani. Kwa hesabu hiyo ingekaa siku 21. Lakini geuza betri upande wa nyuma, usome maandishi madogo. Ile 60 ni "sawa na betri ya risasi", siyo ampia-saa za kweli. Mahali pengine kwenye karatasi hiyo hiyo paliandikwa wati-saa 256. Gawanya kwa volti 12.8, unapata ampia-saa 20. Hizo ndizo zilizomo.

Wauzaji wanaeleza kwamba betri ya risasi huwezi kuitumia mpaka chini bila kuiharibu, na kwamba kwa kupiga stata lithiamu ndogo inafanya kazi ya risasi kubwa. Kwa stata ni kweli. Lakini alamu na traka hazipigi stata. Zinakunywa kidogo kidogo kutoka kwenye ampia-saa 20 za kweli, na hapo neno "sawa na" halina msaada wowote. Betri ya lithiamu ikiwa imejaa kabisa ingedumu siku 7 kwenye gari hili. Ile ya zamani ya ampia-saa 60, hata ukihesabu nusu yake tu, ingefika siku 10. Nilipomwambia hivyo alikumbuka kwamba mwezi wa Agosti aliliacha siku nane, na aliporudi stata ilizunguka kwa uvivu. Ugonjwa ulikuwepo siku zote. Betri kubwa ilikuwa inaubeba kimya kimya.

Namba 12.9

Sasa, siku 7 si saa 32. Hapa ndipo mita ya fundi wa mtaani inapoingia, na simlaumu sana, kwa sababu wengi wetu tumefundishwa namba moja tu.

Betri ya risasi ina seli 6, kila moja volti 2.1, hivyo ikijaa na kutulia inasoma 12.6 au 12.7. Ukiona 12.9 kwenye risasi, ni kweli imejaa na bado haijatulia kutoka kwenye chaji. Betri ya lithiamu ya aina hii, ile ya fosfeti ya chuma, ina seli 4 za volti 3.2. Ikijaa na kutulia inasoma kama 13.3. Halafu volti zake hazishuki kwa mteremko unaoonekana. Zinabaki palepale, 13.2, 13.1, muda mrefu, kisha zinaporomoka ghafla mwishoni. Ukisoma 12.9, umebakiza kama sehemu moja ya tano. Ya tano ya ampia-saa 20 ni 4. Miliampia 118 kwa saa 32 ni karibu 3.8. Nilipoandika namba hizo mbili kwenye daftari, moja juu ya nyingine, nilimwita aje azione.

Kilichobaki ni kujua kwa nini betri ya mtu anayeendesha gari kila siku ilikuwa karibu tupu. Jibu nililipata baada ya kutengeneza alteneta. Injini ikiwa moto, ikiunguruma bila kukanyagwa na taa zimezimwa, mita ilisoma 13.0. Ukikanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na kuwasha taa, 14.3. Kompyuta ya injini hii inapunguza chaji pale gari lisipokuwa na kazi, kuokoa mafuta. Betri ya risasi iliyotulia kwenye 12.6 haioni shida, kwa sababu umeme bado unateremka kutoka alteneta kwenda kwake. Kwa lithiamu yenye 13.3, volti 13.0 ni mlima. Kwenye foleni ya kutoka Roysambu mpaka Pangani betri ile ilikuwa haichajiwi, ilikuwa inachangia. Jioni hivyo hivyo. Na usiku traka mbili zinasubiri.

Asubuhi ile ya jampa

Betri ya risasi iliyokwisha hupokea chaji kwa shingo upande. Ukinzani wake unaizuia kula kwa pupa. Lithiamu iliyokwisha inameza kila ampia ambayo alteneta inaweza kutoa, na haishibi haraka. Kama gari lingekuwa linakimbia, feni ya alteneta ingepuliza. Muthaiga, dakika arobaini kwa mwendo wa kusimama, alteneta ilikuwa inatoa nguvu zake zote huku feni ikizunguka kivivu na joto la turbo likiwa limejaa chini ya boneti. Daiodi zake, zile zinazogeuza umeme wa mawimbi uwe wa kuchaji betri, zikaanza kukata tamaa. Niliweka mita upande wa umeme wa mawimbi: volti 0.7, wakati alteneta isiyo na hitilafu haitakiwi kuzidi 0.1. Kwenye injini hii alteneta imekaa juu kabisa, kuitoa si kazi. Seti ya daiodi tuliipata Kirinyaga Road mchana huo huo.

Alinusurika jambo baya zaidi. Ndani ya betri hizi kuna bodi ya ulinzi inayokata umeme betri ikizidiwa. Ikikata injini ikiwa inaunguruma, alteneta inabaki bila mahali pa kumwaga umeme wake, volti zinaruka juu kwa ghafla, na kinachoungua hapo ni kompyuta.

Lithiamu iliyolala kabisa usiipe jampa ukaingia barabarani. Itoe, iweke mezani, uichaji taratibu kwa chaja ya lithiamu au yenye kipimo unachokiweka mwenyewe. Niliweka volti 14.4 na ampia 2, nikaiacha usiku kucha. Zile chaja za risasi zenye kitufe cha kufufua betri, baadhi yake hupanda kupita volti 15, hizo usiziguse. Siku iliyofuata niliimaliza kwa taa huku nikihesabu: ilitoa ampia-saa 18. Imepoteza kidogo lakini iko hai.

Alichokiamua

Hakutaka kuiuza, na sikumshinikiza. Nilimwambia maoni yangu waziwazi: gari la kila siku Nairobi, lenye alamu na traka, lilalie risasi. Lithiamu iwe ya siku ya mbio. Hili si wazo langu. Mwaka 2010 Porsche walipoanza kuuza betri ya lithiamu kama nyongeza ya 911 GT3, GT3 RS na Boxster Spyder, ilikuwa na ampia-saa 18, chini ya kilo 6, nyepesi kwa zaidi ya kilo 10 kuliko ile ya kawaida. Nao walimkabidhi mnunuzi betri zote mbili, ili abadilishe mwenyewe. Wao walihofia baridi, kwa sababu lithiamu ikipoa sana inadhoofika. Baridi yetu ya Julai haifiki huko. Sisi tuna foleni, na tuna joto: baada ya kuunguruma nusu saa nilipima digrii 57 kando ya betri, wakati karatasi yake inaruhusu 60.

Kwa hiyo traka ya zamani ilitoka, na ulaji ukashuka mpaka miliampia 64, yaani ampia-saa 1.5 kwa siku. Kwa wiki tulifunga betri ya risasi ndogo kuliko ya zamani, 46B24 yenye S mwishoni ili vichwa viwe vinene na vishike vizuri. Ina ampia-saa 45 na uzito wa kilo 11.4, hivyo pua ya gari bado ilipungukiwa kilo 4, na gari linaweza kukaa wiki mbili. Mchomeleaji wa jirani alitengeneza kitako cha chuma chenye mpira, kinachopokea betri zote mbili kwa boliti zile zile. Ngao ya joto ikakaa upande wa injini, vifuniko juu ya vichwa, na skrubu za lithiamu tukaziweka gundi ya kuzuia skrubu kulegea.

Pasaka alikwenda Kakamega siku tisa. Aliporudi alinitumia picha ya mita: 12.4, na gari likawaka mara ya kwanza. Ijumaa moja baadaye alipita gereji jioni, kesho yake akiwa na mbio. Nilimpa spana namba 10 nikasimama pembeni. Akatoa hasi kwanza, akainua risasi kwa mikono miwili, akaikalisha lithiamu kwenye kitako, akakaza boliti, akafunga chanya, kisha hasi. Akakijaribu kila kichwa kwa vidole kama kinazunguka. Hakikuzunguka. Akaweka mita, akasubiri itulie, akasoma kwa sauti: "Kumi na tatu nukta tatu, fundi." Akafunga boneti.